Ufa wa plastiki unaoweza kuharibu tangi zima la nikeli

Bomba la bafuni hung'aa kwa sababu limepakwa nikeli, kisha kromu, kwa nguvu ya umeme. Wakati wa kazi hiyo huning'inizwa kwenye fremu ya shaba inayopitisha umeme ndani ya tangi la dawa.

Fremu ikiachwa wazi, nayo hupakwa madini, hasara tupu kwa kiwanda. Kwa hiyo huvikwa plastisoli, yaani unga wa PVC uliochanganywa na kilainishi. Fremu hupashwa moto, huchovywa, kisha huokwa katika joto la takriban nyuzi 180 za Sentigredi. Ncha zinazoshika bomba pekee ndizo huachwa wazi.

Tatizo ni plastiki hiyo inapopasuka. Dawa ya kromu hujificha ndani ya ufa, maji ya kusuuzia yasiifikie, na fremu ikirudi kazini huivujisha kwenye tangi la nikeli. Kiasi kidogo tu hutosha kuifanya nikeli ibanduke. Isitoshe, kromu ya aina hiyo husababisha saratani, na fundi ndiye anayezishika fremu hizo kila siku.

Plastiki iliyochakaa ni heri ikatwe kwa kisu. Ikichomwa, hutoa gesi ya asidi inayounguza macho na mapafu.