Figo Baada ya Operesheni ya Moyo: Vitu za Kujua Kabla Mathe Atoke Hosi

Mtu wenu akifanyiwa operesheni ya moyo, kila msee huuliza, "Moyo uko aje sasa?" Za figo hakuna mtu huuliza. Na hapo ndio noma hujificha, juu figo huumia bila kelele.

Kwa kila watu 100 wanaopasuliwa moyo, kama 20 hadi 30 hivi figo zao hushuka nguvu siku za kwanza. Wengi hupona. Wachache, kati ya 1 na 5, hufika kiwango cha dayalisisi, ile ya kusafishwa damu kwa mashine.

Mbona figo na ni moyo ulipasuliwa?

Figo hupokea karibu moja kwa tano ya damu yote moyo inasukuma. Kwa operesheni nyingi za kufungua moyo, moyo husimamishwa, na mashine ndio hufanya kazi yake na ya mapafu. Teknolojia hiyo ilifaulu kwa mtu mara ya kwanza Philadelphia, Marekani, 1953. Inaokoa maisha, lakini presha ya damu inaweza kushuka na figo zikakosa oksijeni ya kutosha. Ongeza dawa kali na ile rangi ya kupiga picha mishipa, mzigo unazidi.

Nani ako kwa risk?

Wenye sukari, presha, damu kidogo, umri mkubwa, ama figo zilizokuwa na shida tayari. Lakini usidhani ni mambo ya wazee tu. Hapa Kenya vijana wengi hupasuliwa juu ya valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, na hiyo huanza na koo kuuma tu, ikakosa kutibiwa.

Daktari hujuaje?

Kwa vitu mbili. Ya kwanza ni mkojo: mtu wa kilo 60 anafaa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Ya pili ni kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hutoa. Ikipanda mara moja na nusu ndani ya siku 7, figo zimeumia.

Sasa mko home Kisaju

Operesheni ilifanywa Nairobi, pengine Kenyatta ama Mater. Mmeshuka na Namanga Road, kidonda cha kifua kinauma, na kliniki ni wiki ijayo. Kemisti ya Kitengela iko karibu. Hapa ndio makosa hufanyika, kwa hivyo shika hizi:

1. Uliza namba. Kabla mtoke hosi, itisha kreatinini ya kabla na ya baada ya operesheni. Piga picha, weka kwa simu.

2. Rudieni kipimo. Kama figo ziliguswa, daktari aangalie tena ndani ya miezi 3, hata kama mgonjwa anajiskia fiti.

3. Wacha painkiller za kujinunulia. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwa figo. Kwa kemisti sema wazi: "Huyu amepasuliwa moyo." Mitishamba na supu za dawa pia, uliza daktari kwanza.

4. Maji kwa kipimo. Ile advaisi ya "kunywa maji mob" si ya kila mtu. Moyo ukiwa bado dhaifu, maji mengi huvimbisha mwili na kujaa mapafu. Fuata kiwango mlichopewa.

5. Pima uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, hiyo si kunenepa, ni maji. Piga simu hosi.

Mkojo ukipungua sana, miguu ikivimba, pumzi ikikata ama mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usingoje siku ya kliniki. Tafuta gari hiyo saa. Figo zikiwahiwa mapema, mara mingi hurudi kazi. Zikichelewa, dayalisisi ya muda inaweza kugeuka ya maisha.