Mkimbiaji wa Ridhaa Mjini Songea
Riadha ya ridhaa, yaani mbio za mtu ambaye riziki yake hutoka kwingine, ilikuwa hadi miaka ya 1980 sharti la kimataifa, kwa kuwa aliyelipwa kwa kukimbia alizuiwa kushindana. Ndiyo maana hata Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi. Sheria ilipolegezwa, hali ya mkimbiaji wa kawaida wa Songea haikubadilika sana, maana mwalimu au karani alibaki na alfajiri tu ya kufanyia mazoezi, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili, ambazo ndizo msimu wa mahindi, zilimdai shambani pamoja na familia yake. Mashindano makubwa nayo yako mbali: Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi, na Kilimanjaro Marathon ya Moshi huangukia karibu na mwanzo wa Machi, mahindi yakiwa bado shambani (na nauli, bila shaka, hutoka mfukoni mwake). Kwa hiyo Tamasha la Majimaji Selebuka, lililoweka marathoni mjini Songea kwenyewe sambamba na ngoma za asili, lilikuwa na thamani kuliko zawadi zake, kwa sababu lilimwondolea mkimbiaji huyo safari.