Chumvi, Sukari na Kipindupindu cha Bangaon

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza watu wapatao milioni 10 hadi India. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, kipindupindu kiliwakuta wakimbizi wamejazana makambini. Wagonjwa walilala sakafuni hospitalini, na chupa za dripu zikaanza kwisha.

Daktari Dilip Mahalanabis, aliyetoka Kolkata, akaamua jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba walilitilia shaka. Timu yake ilichanganya chumvi, glukosi na magadi ndani ya maji, ikajaza mapipa yenye bomba, na kuwakabidhi ndugu wa wagonjwa vikombe: wawanyweshe bila kuchoka. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Ushujaa huo ulikuwa na msingi wa kisayansi.

Kwamba mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kukaukiwa maji kulijulikana zamani. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Uskoti, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani, na baadhi yao wakainuka. Kuyanywesha ndiko kulikoshindikana: maji ya chumvi peke yake yaliingia na kutoka.

Sababu ilikuwa kwenye utando wa seli za utumbo. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na chembe za chumvi iliyoyeyuka haziwezi kuyapenya. Hupita kwenye protini maalumu, zilizo kama milango. Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli kumwaga kloridi ndani ya utumbo. Sodiamu hufuata, na maji nyuma yake. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Mwaka 1960, mjini Prague, mwanabayokemia Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba glukosi huingia katika seli za utumbo ikiwa imeambatana na sodiamu, zikibebwa pamoja na protini moja. Zikishaingia, maji huzifuata. Crane hakuwa akitafuta dawa ya kipindupindu, lakini mlango alioueleza ni ule ambao sumu ya ugonjwa huo haiugusi. Chumvi iliyokataliwa ikiwa peke yake hupokelewa ikiongozana na sukari.

Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash walilithibitisha hilo mjini Dhaka: wagonjwa mahututi waliokunywa mchanganyiko huo walihitaji dripu kidogo mno. Miaka mitatu baadaye, Bangaon ilionyesha kwamba hata mtu asiye na mafunzo ya uuguzi anaweza kuutoa.

Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini Bangladesh, wakiwafundisha akina mama kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa kiganja. Tiba iliyoanzia maabara ikafika jikoni, ambako mtoto anayeharisha huhudumiwa kwanza.

Vipimo vyenyewe viliendelea kurekebishwa. Sukari ikizidi hubaki ndani ya utumbo, huyavuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuharisha. Ndiyo maana mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi na glukosi katika pakiti za mchanganyiko huo, uitwao ORS, dawa ambayo leo hupatikana katika zahanati za Afrika Mashariki, tayari kukorogwa kwenye maji safi.