Mtihani wa Mbegu na Mtihani wa Mwanafunzi: Funzo Kutoka Kiboko

1. Utangulizi

Mtahini yeyote aliyewahi kusahihisha mamia ya madaftari ya majibu kwa majuma mawili amejiuliza, japo kwa siri, ni nini hasa anachokipima. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Kwanza yataeleza asili ya mtihani wa vyuo vikuu vyetu. Kisha yatatazama upimaji wa namna nyingine, ule ufanyiwao mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kiboko, baina ya Emali na Makindu katika Makueni, ili tuone kama walimu wa lugha wana la kujifunza huko.

2. Urithi wa London

Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Nairobi ikafuata mwaka 1961. Mwanafunzi alisoma hapa, lakini shahada ilikuwa ya London, na mitihani ilifuata kipimo cha huko. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, shahada zikawa zetu. Hata hivyo utaratibu haukubadilika sana. Kilipogawanyika mwaka 1970 kuwa vyuo vikuu vitatu, kila kimoja kilirithi karatasi ya saa tatu na mtahini wa nje.

Yafaa tusiubeze urithi huo. Ulimhakikishia mhitimu wa Kampala kwamba shahada yake haikuwa duni kwa ya mtu yeyote. Lakini ulibeba pia imani moja isiyotamkwa: kwamba maarifa ni kitu kinachoweza kuandikwa kimya kimya, na mtu aliye peke yake, kwa Kiingereza.

3. Majaribio ya Kuubadili

Imani hiyo ilipingwa mapema. Oktoba 1968, huko Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Mwalimu aliyeikubali hoja hiyo ilimbidi akubali pia kwamba maktaba peke yake haitoshi, kwani wenye fasihi simulizi wako vijijini. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam, na hapo ikadhihirika kwamba Kiswahili chaweza kufundishia, kutahini na kuandikia tasnifu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi, likataka mwanafunzi apitie kazi kabla ya kuingia chuo kikuu.

Nchini Kenya wingi wa watu uliyadhoofisha majaribio hayo. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na wanafunzi wake wa kwanza wakaingia vyuo vikuu mwaka 1990. Madarasa yakafurika. Ikawa desturi kutoa alama 30 kwa kazi za muhula na 70 kwa mtihani wa mwisho; na kazi zenyewe za muhula mara nyingi zikawa mitihani midogo ya kuandika. Jina lilibadilika, mambo yakabaki yale yale.

4. Upimaji wa Kiboko

Sasa tutazame shamba. Kiboko ni nchi kame, na ukame huo ndio unaoipa thamani kwa mtafiti. Mahindi hupandwa wakati usio na mvua, yakamwagiliwa. Kisha maji hukatwa kwa makusudi, ili kiu iyafikie wakati wa kuchanua, ambapo madhara yake ni makubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mtafiti hangojei mavuno tu. Huhesabu pia siku zilizopita baina ya kuchanua kwa maua ya kiume na kutokeza kwa ndevu za hindi, kwa kuwa mmea ulioshindwa na kiu huchelewesha ndevu. Kila aina hurudiwa katika vitalu kadhaa, hulinganishwa na mbegu inayojulikana, na hujaribiwa misimu na mahali zaidi ya pamoja.

Hapana mtafiti wa Kiboko ambaye angeikubali au kuikataa mbegu kwa kitalu kimoja cha siku moja. Sisi twamhukumu mwanadamu hivyo, tena kwa saa tatu.

5. Lugha ya Maarifa

Kuna funzo la pili, na hili ni letu hasa. Kiboko ni pia mahali pa utafiti wa malisho, na wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamefanyia huko utafiti wa shahada zao. Mwanafunzi hufika na majina ya Kilatini. Mfugaji Mkamba huyajua majani yale yale kwa majina ya mbeetwa, ndata kivumbu na nguu, akajua pia ng'ombe hupenda lipi. Maarifa hupatikana katika mazungumzo ya watu hao wawili, kwa Kikamba au Kiswahili. Lakini tasnifu huandikwa na kutetewa kwa Kiingereza, na mfugaji hayupo. Hivyo uwezo wa kueleza, kutafsiri na kueleweka, ambao ndio taaluma yetu, haupewi alama hata moja.

6. Hitimisho

Ulinganifu huu una mpaka wake. Mbegu haijui kwamba inapimwa. Mwanafunzi ajua, naye hujifunza kumridhisha mpimaji. Tena siku hizi kompyuta yaweza kumwandikia insha nzima. Kwa sababu hizo mbili nashauri kwamba mwanafunzi wa lugha apimwe mara kadhaa na kwa njia mbalimbali, na angalau mara moja aeleze utafiti wake kwa mdomo, kwa lugha ya watu waliompa maarifa, na wao wenyewe wakiwepo kumhoji. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013 huko Kitui, kimezungukwa na watahini wa namna hiyo.

Gharama yake ni muda wa mwalimu, na hiyo si ndogo. Lakini mzee atakayemwambia mwanafunzi kwamba hakumwelewa atakuwa amempa alama ambayo hapana daftari lililowahi kuitoa.