Kamera inadhani dunia ni ya kijivu

Nimekuwa kimya kwa sababu tulikuwa na msiba nyumbani. Nyanya yangu, mzaa mama, alituacha. Leo nawaletea historia niliyoanza kuichimba wiki ile ya matanga, na kilichonisukuma ni picha moja.

Mliowahi kukaa kwenye kamati ya mazishi mnajua: lazima kuwe na kijitabu cha ratiba, na juu yake picha ya marehemu. Mama akanigeukia: "Wewe si ndiye uliyesomea tarakilishi? Haya, tafuta picha nzuri ya nyanya yako."

Nilikuwa nayo. Niliipiga mwenyewe mwaka 2017 kwa kamera ya dijitali niliyoazima kwa rafiki. Nyanya amekaa kwenye kigoda, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa, saa sita za mchana. Kamera niliiacha ijiamulie yenyewe kila kitu. Ukuta ulitoka vizuri kabisa, unaweza hata kuhesabu nyufa zake. Uso wa nyanya ni kivuli tu.

Nikafungua picha na kusoma namba za pikseli. Katika faili ya JPEG, kila rangi hupewa namba kati ya 0 na 255. Shavu la nyanya lilikuwa kati ya 9 na 20. Yaani macho, makunyanzi na tabasamu lake vyote vilibanwa katika ngazi kumi na mbili! Ukiongeza mwanga kwa programu unazitawanya ngazi hizohizo, hutengenezi mpya. Nilihangaika hadi usiku wa manane nikapata madoadoa. Mwishowe tulitumia picha ya kitambulisho.

Swali likabaki kichwani: kwa nini kamera ilihangaikia ukuta ikamwacha mtu?

Turudi nyuma. Mfaransa Nicéphore Niépce alipopiga picha kupitia dirisha lake karibu mwaka 1827, alihitaji kuuacha mwanga uingie kwa muda wa saa 8 au zaidi. Ukikosea kwa dakika tano hakuna anayejua. Lakini kadiri kemikali zilivyoboreshwa, muda ulishuka hadi dakika, kisha sekunde, kisha sehemu ya sekunde. Hapo kubahatisha kukawa na gharama.

Watu wa kwanza kulifanya jambo hili kuwa hesabu walikuwa Ferdinand Hurter na Vero Driffield, wafanyakazi wa viwanda vya kemikali huko Uingereza. Mwaka 1890 walichapisha vipimo vya jinsi bamba la picha linavyokuwa jeusi kadiri linavyopokea mwanga. Kabla ya hapo, mwaka 1888, walikuwa wamesajili hataza ya kifaa walichokiita Actinograph: rula ya kukokotolea yenye chati ya nguvu ya jua kwa siku na saa mbalimbali. Unaingiza tarehe, saa, lenzi na bamba, unapata muda wa kufungua. Kwangu mimi hiyo ni programu, ila haikuhitaji umeme.

Waandishi wa programu wenzangu watapenda hesabu yenyewe. Kamera ina mambo matatu ya kurekebisha: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata inakaa wazi, na ISO. Mpigapicha huhesabu yote matatu kwa hatua za kuzidisha au kugawanya kwa mbili. Kutoka 1/250 ya sekunde hadi 1/125 ni mwanga mara mbili. Kutoka ISO 100 hadi 200, picha inang'aa mara mbili. Nambari za 2, 4, 8, 16, zilezile tunazoishi nazo!

Baadaye umeme ukaingia. Kufikia mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilikuwa ikiuza mita ya mwanga yenye seli ya seleniamu. Mwaka 1938 Kodak ikatoa Super Six-20, kamera ya kwanza iliyojipangia mwanga yenyewe. Bei yake ilikuwa dola 225, pesa nyingi mno enzi hizo. Mwaka 1963 Topcon RE Super ya Japani ikaja na mita inayopima mwanga uliopita ndani ya lenzi yenyewe.

Sasa sikiliza kiini cha mambo. Mita ya namna hiyo inapata namba moja tu: mwanga kiasi hiki umefika. Haijui kama huo ni ukuta mweupe kwenye kivuli au koti jeusi juani. Ili itoe uamuzi, ni lazima idhani kitu fulani, na dhana iliyowekwa ni kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele ya lenzi utapata kijivu cha wastani. Ndiyo maana wapigapicha hubeba kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Mweke nyanya mbele ya chokaa inayong'aa: kamera inaona "kijivu" kimezidi mwanga, inapunguza kila kitu, na uso mweusi unazama. Hakuna kilichoharibika. Kanuni ilitekelezwa kama ilivyoandikwa.

Wahandisi walilijua tatizo hili. Mwaka 1983 Nikon FA iligawanya picha katika sehemu tano na kulinganisha mwanga wa kila sehemu, ili ikisie ni mandhari ya aina gani. Kisio likawa bora zaidi, lakini lilibaki kisio.

Na makisio hutegemea anayekisia. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Uso wake ukitoka sawa, kazi imekwisha. Ukipiga darasa lenye watoto weupe na weusi pamoja, weupe wanaonekana, weusi wanabaki macho na meno. Mtafiti Lorna Roth wa Canada aliandika mwaka 2009 kwamba filamu zilipokuja kuboreshwa ili zishike vizuri rangi za kahawia, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Chokoleti, jamani!

Lakini usidhani ilikuwa haiwezekani. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Alitumia mwanga wa jua uani mwake, na mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Tazama picha zake: nguo nyeupe ni nyeupe, na nyuso nyeusi zina uhai wote. Aliamua mwenyewe ni nini muhimu ndani ya picha.

Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya dijitali iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Filamu ikaondoka polepole, lakini dhana ya kijivu ikahamia kwenye programu. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 yenye kile ilichokiita Real Tone, na kati ya vilivyorekebishwa ni jinsi kamera inavyojipangia mwanga mbele ya ngozi nyeusi. Tangu Niépce ni karibu miaka 195!

Kilichoniuma ni kwamba dawa ilikuwa mkononi mwangu siku ile. Karibu kila kamera ya dijitali ina kitufe cha + na −. Kukiwa na ukuta mweupe, theluji au anga nyuma ya mtu, ongeza +1 au hata +2. Kukiwa na giza nyuma yake, punguza. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtu, kisha telezesha kidole kwenye kijialama cha jua. Na kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ya RAW, ihifadhi: ina ngazi nyingi zaidi kuliko zile 256 za JPEG. Kazi ya sekunde mbili. Ukuta wa nyanya ungeungua ukawa mweupe mtupu, na ni nani angeulizia nyufa?

Jumapili iliyopita nilimkalisha mama palepale, mbele ya ukuta uleule, nikaweka +2. Aliangalia kioo cha kamera akasema, "Mbona ukuta umepotea?" Nikamwambia auache upotee.

Haya, kama una mzee nyumbani, wikendi hii mpige picha. Tuonane tena.