Utepe unaopima mahindi: umetoka wapi, na hauwezi nini

Leo naweka kando seva na hifadhidata, tuzungumze juu ya mahindi.

Hivi majuzi mwenye kinu kimoja cha unga aliniita nimwandikie programu ndogo. Lori likifika, kijana wa maabara apime aflatoksini, matokeo yaingie kwenye tarakilishi, kisha programu iamue: shusha au rudisha. Nikadhani ni kazi ya wikendi moja. Nilipokiona kipimo chenyewe nikashangaa: ni utepe mdogo kama ule wa kupima mimba, na jibu linatoka kwa dakika chache tu. Nikataka kujua utepe huu umetoka wapi.

Hadithi yaanzia Uingereza mwaka 1960, bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa kwa miezi michache. Kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa ukaitwa X. Uchunguzi ukafika kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazili, yaliyoota kuvu aina ya Aspergillus flavus. Herufi A na silabi fla za jina hilo zikaunganishwa na neno toksini, yaani sumu, ndipo tukapata aflatoksini.

Kimojawapo cha vipimo vya mwanzo kilikuwa mwanga. Sumu hii ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno, ile ya taa za kukagulia noti bandia, hung'aa samawati au kijani. Lakini kwanza ilibidi itolewe kwenye nafaka kwa kemikali na itenganishwe na vitu vingine. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara na ya mtaalamu. Watu wakatafuta njia ya mkato, wakawa wanamulika mahindi yenyewe. Mahindi mabovu hung'aa kijani-manjano, sawa, ila kinachong'aa pale si aflatoksini bali ni kitu kingine kinachotokana na kuvu hiyo hiyo. Kwa hivyo taa ile huonya tu, haipimi.

Mapinduzi yalitoka kwenye tiba. Mwaka 1971 Engvall na Perlmann wa Stockholm walieleza ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kunasa kitu kimoja tu kati ya maelfu. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wa Cambridge wakaonyesha jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja bila kikomo, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kufikia mwaka 1988 teknolojia hiyo ilikuwa dukani ndani ya utepe wa kupima mimba. Baadaye utepe ukaletwa kwenye nafaka.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha waandishi wa programu: mantiki imegeuzwa. Kwenye kipimo cha mimba, mstari ukitokea jibu ni ndiyo. Molekuli ya aflatoksini ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, kwa hivyo sumu ya kwenye sampuli hushindana na ile iliyopakwa kwenye utepe. Sumu ikizidi, mstari hufifia au hupotea kabisa. Ukiuona mstari umekolea, shukuru Mungu.

Kwetu Kenya huu si mchezo wa maabara. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi baada ya kula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwezi Mei mwaka huo zilikusanywa sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65. Asilimia 55 zilizidi kiwango cha sheria ya wakati ule, mikrogramu 20 kwa kilo. Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, na ukiitazama punje kwa macho unaweza usione kitu. Leo kiwango chetu ni mikrogramu 10, na mwezi Machi 2021 kilitosha kusimamisha kwa siku kadhaa mahindi kutoka Uganda na Tanzania.

Basi tufanye hesabu. Mikrogramu 10 kwa kilo katika gunia la kilo 90 ni miligramu 0.9 tu. Punje moja ikiwa na gramu 0.3, gunia lina punje laki tatu. Kuvu haisambai sawasawa: punje nyingi ni safi, chache zina sumu kali ajabu. Kiganja kimoja cha punje mbovu kabisa kinaweza kuharibu gunia zima, na kiganja cha pili kando yake kisiwe na chochote.

Nikamuuliza yule kijana, "Sampuli mnatoa wapi?"

"Gunia la kwanza, hapo nyuma ya lori. Nachota kikombe kimoja."

Nilinyamaza. Tangu mwaka 1960 kipimo kimepungua kutoka kazi ya maabara nzima hadi dakika chache, lakini hakuna utepe utakaoona gunia ambalo halikuguswa. Ni kama kujaribu programu kwa ingizo moja, ukaiona inafanya kazi, ukaipeleka kwa wateja.

Kwa hivyo nilibadilisha programu. Sasa haipokei matokeo mpaka iandikiwe idadi ya magunia yaliyochomwa bambo, yaliyo juu, katikati na chini ya lori, na ithibitishiwe kwamba punje zote zilichanganywa na kusagwa kabla ya kupimwa. Mwenye kinu alinung'unika: "Bwana, foleni itafika barabarani."

Itafika kweli. Nami nimemwambia ukweli: utepe ulishaharakishwa na watu wenye akili kuliko mimi, na zile dakika zinazobaki ni za bambo. Hizo sitazifupisha.