Butoni ya CUE hawakuiweka kwa kupamba

Wandugu, wengi wenu mnanijua kama mtu wa mihogo: licence ya agronomia mkononi, na kazi ya agronomia bado. Kinachonilisha ni Jumamosi. Hapa Bukavu ninasimama nyuma ya meza ya kumiksi, ninachezea watu muziki kwenye arusi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata haya kubwa. Maharusi walikuwa mlangoni mwa salle, watu wote wamesimama. Nikaingiza sidi kwenye platini ya pili, nikasukuma krosifeda upande wake bila kusikiliza kwanza. Kumbe ilikuwa sidi ya matanga ya juma lililopita! Mama ya bibi arusi alikaa chini, akafunika uso. Mwenye vyombo alinikata pesa yote ya usiku ule, pesa niliyokuwa nimeihesabia kodi ya nyumba. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dogo, ile butoni ya CUE unafikiri waliiweka kwa kupamba?"

Juu ya swali lile nilianza kutafuta historia ya hii mashine. Niliona kwamba kila butoni ilizaliwa na shida ya mtu.

Tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc, alichezesha karamu ya dada yake katika jengo walimoishi. Alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangojea kile kipande kifupi ambapo sauti inanyamaza, ngoma zinabaki. Akachukua sahani mbili za wimbo uleule ili kipande kile kisiishe. Lakini sindano aliitua kwa macho tu, na mapigo mara nyingi hayakukutana.

Grandmaster Flash, wa Bronx vilevile, hakuridhika na kubahatisha. Mashine zenye njia ya kusikiliza kwanza zilikuwako tayari, lakini hakuwa na pesa ya kuzinunua. Alikuwa amesoma elektroniki shuleni, basi akaunganisha nyaya mwenyewe, mpaka akasikia sahani ya pili katika kaske kabla ya watu kuisikia. Njo kazi ya CUE ya miksa mpaka leo: inaleta wimbo kwenye sikio lako peke yako. Msiichanganye na CUE ya platini, ile inarudisha wimbo pale ulipoweka alama ya kuanzia.

Shida ingine ilikuwa mwendo. Wimbo mmoja uko na mapigo 100 kwa dakika, mwingine 104. Ukiziachilia pamoja zinagongana. Mwaka 1979 Technics ilitoa SL-1200MK2, iliyo na kitelezo cha kuongeza au kupunguza mwendo mpaka asilimia 8. Wimbo wa 100 unaupandisha asilimia 4, zinatembea pamoja.

Sidi zilipoingia sokoni mwaka 1982, mkono ulipoteza kazi: sidi inasomwa na mwanga, imefungiwa ndani, huwezi kuishika. Pioneer ikatoa CDJ-500 mwaka 1994, kisha CDJ-1000 mwaka 2001, yenye gurudumu kubwa juu. Ukiligandamiza, sauti inasimama. Ukilirudisha, sauti inarudi, kama sahani ya zamani. Yaani wahandisi walirudia shule ya vijana wa Bronx.

Sasa mimi sina haraka. Kaske sikio moja, sikio lingine kwa watu. Ninasikiliza, ninatafuta pigo la kwanza, ninalinganisha mwendo, ninaangalia taa zisifike kwenye nyekundu. Krosifeda njo ya mwisho.

Mwaka jana familia ileile ilioza binti wa pili, wakaniita tena. Kabla maharusi hawajaingia, mama alikuja mpaka kwenye meza yangu.

"Mtoto wangu, leo umesikiliza kwanza?"

Nikamvalisha kaske, mama, asikie mwenyewe.